Frasila Mbili na Ushee

Daktari alishasema mzee na bintiye warudi nyumbani, dawa zimegonga mwamba. Muuguzi akampima mzee mara ya mwisho: kilo thelathini na tano.

"Hizo frasila ngapi?" akauliza mzee, aliyezeekea uhamali.

"Frasila ndiyo nini, babu?"

"Kilo kumi na sita, mjukuu wangu. Jina walikuja nalo matajiri kutoka ng'ambo. Uzito tuliujua sisi, kwa mgongo."

Binti yake alipiga hesabu kwa vidole. Enzi zake baba alibeba nne, huku anaimba.

"Sema, mama."

"Mbili na ushee, baba."

"Mzigo wa mwanagenzi huo!" Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamkaba.

Binti akachuchumaa, akampa mgongo. Mikono mikavu ikamzunguka shingo. Akainuka naye, akasubiri uzito uje. Haukuja.