Chaji ya Mwenyekiti

Mwenyekiti wa wapangaji alishuka ngazi akiwa amekumbatia kompyuta yake, ameiviringisha kwenye blanketi la mtoto. Katibu aliinama kujifanya anafunga kamba ya kiatu, maana kicheko kilikuwa kimemfika kooni.

"Imelala vizuri?" aliuliza akiwa bado chini.

"Haikulala kabisa, Katibu. Si ulisema isizimwe?"

"Umefanya vizuri. Ikilala huwa inachoka kuamka."

Wapangaji walikuwa wameshakaa kwenye viti vyao vya plastiki chini ya jengo, pale panapoegeshwa magari. Hapakuwa na soketi hata moja, na hilo ndilo lililokuwa likiwaokoa. Mwenyekiti hasemi neno kikaoni ila amelisoma kwenye kompyuta. Betri ikikata, naye anakata. Watu wanabeba viti, wanapanda makwao.

Balaa lilianza aliponunua betri mpya. Vikao vilivyokuwa vikiisha jua likiwa bado la asubuhi vikaanza kuvuka chakula cha mchana. Mwezi uliopita walijadili taa ya ngazi mpaka fundi cherehani wa ghorofa ya pili akasinzia na kuanguka na kiti. Siku hiyohiyo binti wa Katibu alikuwa golini kwenye nusu fainali. Aliokoa penalti, na mama yake hakuiona. Kuondoka hangeweza. Katibu akitoka, kikao kinavunjika na kinarudiwa chote Jumamosi inayofuata.

Leo ilikuwa fainali. Asubuhi alimwambia binti yake kwamba atakuwepo kabla ya filimbi ya kwanza. Binti alikuwa akivuta soksi.

"Usiahidi, Mama," alisema, wala hakununa. Afadhali angenuna.

Lakini safari hii Katibu alikuwa amejipanga. Siku chache nyuma, Mwenyekiti alikuwa amemsimamisha kwenye ngazi.

"Kaka yako si fundi wa kompyuta? Hebu niulizie, nifanyeje ili chaji idumu? Jumamosi nataka tumalize ajenda zote, hata zile za mwaka jana."

Katibu aliuliza kweli, na kaka yake akamweleza kweli: apunguze mwanga wa kioo, afunge programu asizozitumia, azime wifi, asiiweke penye joto. Katibu akashukuru, akaenda kugonga kwa Mwenyekiti, akampa mafunzo yote, kichwa chini miguu juu.

"Mwanga uweke mpaka mwisho," alimwambia. "Ukiwa hafifu, betri inakodoa macho."

"Kumbe."

"Programu ziache wazi, zote. Kufungua na kufunga ndiko kunakokula chaji, kama mlango wa friji. Halafu ifunike. Betri haipendi baridi."

"Na kuichaji?"

"Jumamosi ichomoe alfajiri, ipumue kabla ya kikao. Ila usiizime, hata usiku."

Mwenyekiti alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. "Mungu akubariki, mama. Humu wengine wananiona msumbufu tu."

Katibu alihisi kitu kinachofanana na aibu. Akakiacha kipite.

Sasa Mwenyekiti aliifunua kompyuta mezani. Feni yake ilikuwa ikivuma kama inapanda mlima. Kioo kiling'aa hata mwalimu mstaafu aliyekaa mbele akashusha kofia usoni. Kwenye kona, alama ya betri ilikuwa imeshakuwa nyekundu.

"Kweli imepata joto," Mwenyekiti alisema, akiipapasa kwa kuridhika.

"Naona," alisema Katibu.

"Ndugu wapangaji, ajenda ya kwanza ni kufungua kikao. Kikao kimefunguliwa. Ajenda ya pili ni..."

Kioo kikawa cheusi.

Fundi cherehani alikuwa tayari ameshika mgongo wa kiti chake. Mtu mmoja nyuma alikohoa, kikohozi kizuri chenye afya. Katibu alitia kalamu mkobani na kuvaa uso wa msibani. Ukitembea haraka, uwanjani si mbali. Angefika hata timu hazijapiga picha.

"Pole sana, Mwenyekiti. Mitambo ndivyo ilivyo. Basi tuahirishe?"

Mwenyekiti alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Kisha akaikunja kompyuta taratibu na kuirudishia blanketi lake. Akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko.

"Toa kalamu, Katibu," alisema kwa upole. "Kwenye kompyuta kulikuwa na muhtasari tu. Leo itabidi niwaeleze kwa kirefu."