Kitambaa Cheusi Tangini

Vifaranga vya samaki chewa vilianguliwa salama, ila havikutaka kula. Mashavu aliinama kwenye tangi la kioo akavitazama vikisongamana upande wa dirishani, vikigonga kioo kwa vichwa. Kiini vilichozaliwa nacho tumboni kilikuwa kinakwisha. Visipokula leo, kesho vitaelea vimekufa, na baharini chewa wa aina hii hawaonekani tena.

"Chakula tumemwaga tele," alisema Bi Ruzuna, mkuu wake wa kazi. "Ni kama vile vilivyotufia safari iliyopita, mwanangu. Vimekataa."

"Labda havijakiona, mama."

Mashavu alimkumbuka mwanawe mchanga aliyemwacha nyumbani. Yule akinyonyeshwa penye mwanga, shingo huku, shingo kule, titi analiacha, mpaka afunikwe kanga. Basi akavua mtandio wake mweusi, akabaki na kilemba cha ndani, akauzungushia tangi pande zote na kuacha juu wazi.

"Makubwa! Samaki nao wanasitiriwa?" Bi Ruzuna alicheka. "Watafutie na wanja basi."

"Tujaribu tu, mama. Tutapoteza nini?"

Wakachungulia pamoja kwa juu, vichwa vikigusana. Kuta za tangi hazikung'aa tena. Vifaranga vikaacha kugonga, vikatawanyika taratibu. Kimoja, chembamba kama unywele, kilisimama mbele ya nukta ya chakula iliyokuwa ikielea.

"Usipumue," Bi Ruzuna alinong'ona.

Kifaranga kilikunja mkia, kikafungua kinywa ambacho tangu kuzaliwa hakijaonja kitu.