Chupa Zinazosema kwa Sauti Yangu

Katika nyumba yetu ya wazee, kila chupa ya dawa ya sindano ikishikwa humtaja mwenye dawa kwa jina, na sauti waliyoichagua ni yangu mimi, Bi Nyamvula. Leo asubuhi nesi Kadzo alitoa insulini kwenye friji ili amchome Mwanahamisi mwembamba, mwenzangu wa chumbani. Chupa ikamfokea kwa sauti yangu:

"We mwanangu, utamuua! Hii ni ya somo yake, Mwanahamisi mnene!"

"Haya bibi, nimekoma," Kadzo akaijibu chupa, akairudisha.

Mwenzangu akanikumbatia. "Leo mdomo wako umenifaa, shoga."

Nilivimba kichwa, siwafichi. Ila walipokuja kunirekodi nilisoma majina tu. Hilo la unene huwa naliwaza kimoyomoyo, sijapata kumwambia mtu.