Sakafu ya Vifaranga

Baridi ya mvua ya Kawempe ilikuwa imeshaua baadhi ya vifaranga wangu. Waliobaki walirundikana kwenye kona ya banda.

“Dada, sasa unaipikia sakafu?” jirani yangu Aol alinicheka mlangoni.

Pipa la maji lilichemka juu ya makaa, lakini mabomba niliyoyaunganisha nalo, niliyoyafukia chini ya saruji, yalikuwa baridi. Nikakumbuka somo la darasa langu la ufundi la jioni: hewa ikinaswa, maji hayapiti. Nikalegeza nati ya juu kwenye bomba. Ikapiga mluzi, ikatema maji, nikaikaza.

Nikaweka kiganja sakafuni. Baridi. Bado baridi. Kisha joto likaja polepole, kama mtoto anapokukojolea mgongoni.

Vifaranga wakaachana, wakajilaza huku na huku, mabawa wazi.

Aol akavua ndara, akasimama katikati yao.

“Dada, na kwangu unakuja lini?”