Mgao wa Baridi wa Nakiete

"Mbelwa! Njoo uone, mume wangu, maua yamefunguka!"

Estelina alikuwa akirukaruka mbele ya kabati la baridi. Miaka saba alikuwa ameulea mche wa azalia, na azalia haichanui bila kupigwa na baridi. Siku hizi joto lilikuwa limefika hata Lushoto, na baridi ilitoka serikalini kwa mgao, muda wa saa tatu kwa siku kwa kila mtu. Mmea haukuhesabiwa. Ndiyo maana aliuandikisha kuwa binti yake, akauita Nakiete.

Sasa chungu kizima kilikuwa kimewaka rangi ya waridi. Mbelwa, mtu asiyecheka ovyo, alijikuta akipiga vigelegele kama mama wa bibi harusi.

Hodi ikabishwa. Aliyeingia alikuwa afisa wa mgao, ameshika sare ndogo ya shule.

"Nakiete ametimiza miaka saba. Nimekuja kumpeleka bweni, kama wenzake."

Estelina akacheka, akamwonyesha maua. "Ndiye huyu, baba. Tusamehe."

Afisa hakucheka. Alilinganisha namba ya kabati na ya kadi ya mgao, akapiga magoti, akaanza kuyavisha matawi sare, kifungo kwa kifungo.

"Muageni," alisema kwa upole. "Kule bwenini hakuna baridi."