Mbio na Mama Mkwe

Haya, nitegulieni kitendawili hiki: ni kitu gani hapewi mtu aliyesimama, wala anayepita njia, sembuse anayekimbia? Fikirini. Mimi naendelea.

Raushan alikuwa amepiga goti mlangoni, anamfunga mama mkwe wake, Mama Kulyash, kamba za viatu vya mbio. Leo mama alishindwa kuzifunga mwenyewe.

Simu ilikuwa imelia kabla chai haijachemka. Kijana mmoja wa machimboni, asiyejua desturi zetu, alimwambia wazi, yeye Raushan akiwa amesimama, birika mkononi: mgodi umeporomoka, mumeo Yerzat hatarudi.

Hakulia. Angelia, mama angejua, na si kazi ya mkwe kumwambia mama kwamba mwanawe amekufa. Hilo ni la wazee. Huja, wakamketisha mtu, wakamzungushia maneno taratibu mpaka moyo uelewe kabla ya masikio. Leo watakuja tu. Mpaka hapo, mama asisikie kwa jirani yeyote.

"Simu tuziache," alisema Mama Kulyash. Jana jioni alirudi kutoka kwa kaka yake, akalala bila kula. "Na leo unakimbia na mimi. Utazeeka bure humo jikoni."

Raushan alishukuru kimoyomoyo.

Wakashika njia ya kando ya mto. Almaty ni mji ulioinama. Ukipanda unakwenda milimani, ukishuka unarudi kwa watu.

"Mji gani mwingine unakuonyesha njia kwa miguu?" alisema mama. "Ukiona joto, mitaro hii ya maji ya milimani inakupulizia baridi ya theluji. Kivuli bure. Dada yangu kule Astana akikimbia, upepo unamrudisha alikotoka."

Siku nyingine Raushan angecheka. "Ndiyo, mama," alisema.

Kwenye kona, mzee Bolatbek muuza matufaha alipiga kelele kama kawaida yake. "Bibi Kulyash! Polisi hawajakukamata tu?"

"Wakanunue viatu kwanza!"

Mara mzee akamwona Raushan nyuma. Akachagua tufaha kubwa, akamtia mkononi bila neno.

Amesikia, aliwaza Raushan. Akamtazama kwa jicho la kumsihi: usiseme. Mzee akainamia masanduku yake.

Wakafika kwenye chemchemi ya bustani, pale mama anapogeukia siku zote. Hakugeuka.

"Mama, mbona leo hatugeuki?"

"Hebu itazame ile mialoni," alisema mama, akaendelea.

Wakapita mialoni, wakapanda ngazi ndefu, wakashuka upande wa pili. Raushan aliiona miguu yake kule chini kama miguu ya mtu mwingine. Tufaha lilikuwa bado mkononi, hajaliuma. Mama alisifu kila kitu: lami, maji, wanawake wanaofagia majani, hata mbwa wa mtaani, kwamba wana adabu kuliko madereva. Sauti yake ilikuwa imekauka. Raushan alidhani ni pumzi za uzee.

"Hapa ndipo Yerzat alipojifunzia kukimbia," mama alisema mara moja tu. "Alikuwa akitumbukia mtaroni kila siku."

"Ndiyo, mama."

Jua lilipokaa sawasawa juu ya mapaa, mama alisimama kidogo, akaitazama barabara ya nyumbani.

"Sasa," alisema.

Uani nyumbani walikuwapo wazee wa ukoo, wamesimama kwa safu, wameegemea fimbo zao. Zulia lilikuwa limetandikwa, na mto mmoja wa kukalia umewekwa katikati. Raushan alimshika mama kiwiko upesi ili asije akaanguka, akaanza kumwongoza kwenye ule mto.

Mzee Seitkazy, mkubwa wao, akaja mbele. Akampita mama. Akaushika mkono wa Raushan, ule wenye tufaha.

"Keti, mwanangu," alisema.

Raushan akageuka. Mama Kulyash alikuwa bado amesimama, anahema.

"Uliniuliza mbona hatugeuki," alisema. "Mimi waliniketisha jana kwa kaka yangu, mwanangu. Nikawaomba asubuhi moja tu, ukimbie ukiwa bado una mume."