Sisimizi wa Kitandani

Sisimizi walikuwa wamejipanga mstari mmoja, kutoka dirishani hadi kwenye mto wa baba.

"Nani amekula peremende kitandani?" mama aliuliza, macho yakatua moja kwa moja kwa binti yao.

"Si mimi, mama."

"Sasa nani, baba yako?"

Baba, kinyozi mzima ambaye nywele zilikuwa zikimnyonyoka hadi wateja wakamcheka kwenye kioo chake mwenyewe, alijitia anatafuta soksi. Chini ya kofia aliyoivaa harakaharaka, kichwa kilinata. Jana alikuwa ameponda vidonge vya vitamini vya mtoto huyohuyo, akavikoroga na maji ya sukari, akajipaka utosini ili nywele ziote tena.

 

Mama alipogeuka kukung'uta shuka dirishani, sisimizi mmoja alichomoza chini ya kofia, akateremka taratibu hadi kwenye nyusi. Binti alimwona. Akapanda kitandani, akamtoa kwa kidole kimoja, akamfumba kiganjani.

"Ni mimi, mama," akasema. "Sitarudia."

Mama akamgeukia baba.

"Umesikia? Kaa na mwanao, umfundishe kuacha uongo."

Baba akaivuta kofia hadi masikioni.